Sahihi ya Pembeni

Bill Watterson hana meza. Kwa mtu asiyezoea matamasha ya katuni, sentensi hiyo haina uzito wowote, basi niifafanue. Katika matamasha ya mashabiki, kuanzia lile la San Diego lililoanza mwaka 1970 hadi haya yetu ya Nairobi, mchoraji huwekewa meza. Juu yake hupanga vitabu, mabango, stika na kalamu. Wasomaji hupanga foleni. Kila mmoja akifika mbele hupata dakika mbili tatu: anasalimia, anasema amemsoma tangu utotoni, ananunua kitu, kinatiwa sahihi, picha inapigwa, anayefuata anasogea. Hiyo ndiyo hija ya shabiki wa katuni. Na Watterson, ambaye wengi wetu tungemfuata yeye kwanza kabla ya mwingine yeyote, hakai kwenye meza hiyo.

Alichora Calvin and Hobbes kuanzia Novemba 1985 hadi tarehe 31 Desemba 1995. Katuni 3,160 za mtoto wa miaka sita na chui milia wake. Katika kilele chake ilichapishwa na magazeti zaidi ya 2,400. Kisha akaweka brashi chini na kurudi nyumbani. Mwaka 2014 tamasha la Angoulême, Ufaransa, ambalo ni kama kombe la dunia la hadithi za picha, lilimpa tuzo yake kuu. Hakwenda kuipokea.

Nataka kuzungumzia namna tunavyolisoma hilo kataa lake, kwa sababu naona tunalisoma vibaya, na sisi wa Afrika Mashariki tunalisoma vibaya zaidi kuliko wengine.

Tuanze na wenyewe Wamarekani. Mwaka 2013 ilitoka filamu iitwayo Dear Mr. Watterson, ya Joel Allen Schroeder. Jina lake ni mwanzo wa barua, na filamu yenyewe ni barua kweli. Schroeder anakwenda Chagrin Falls, Ohio, mji alikokulia mchoraji. Anaingia kwenye hifadhi ya katuni ya Chuo Kikuu cha Ohio State na kuoneshwa michoro halisi. Anahoji wachoraji wengine, mashabiki, watu wa biashara ya magazeti. Watterson mwenyewe haonekani. Miaka minne kabla yake, Nevin Martell alikuwa ameandika kitabu kizima cha kumtafuta mtu huyohuyo, nacho kikaisha bila kumpata.

Filamu hiyo ina heshima, na heshima yake ndiyo sifa yake kubwa. Schroeder hajifichi vichakani na kamera mbele ya nyumba ya mtu. Pale anapokuwa mbele ya michoro halisi, uso wake unatosha: anaona weupe uliopakwa kufunika kosa, anaona penseli iliyobaki chini ya wino, na kwa muda mfupi hatuangalii tena shabiki wa mtu, tunaangalia msomaji wa kazi. Ila filamu ina udhaifu mmoja unaokua kadiri inavyosonga. Kila anayehojiwa anausifu ukimya wa Watterson, na sifa zikirundikana, ukimya unageuka kuwa utakatifu. Mchoraji anakuwa bora kwa sababu hakuuza, hakutokea, hakutia sahihi. Mwisho wa filamu unabaki na hisia kwamba mchoraji safi ni yule asiyeonekana, na kwamba yule anayekaa nyuma ya meza na kuuza stika amepungukiwa na kitu.

Hapo ndipo natofautiana nayo. Lakini kwanza tumtendee haki Watterson, kwa sababu sababu zake ni nzito kuliko utakatifu aliovishwa.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya bidhaa. Kampuni iliyosambaza katuni yake magazetini ilitaka kutengeneza vikombe, fulana na midoli, kama ilivyokuwa kwa paka Garfield wa Jim Davis, na mkataba aliousaini akiwa kijana asiyejulikana uliipa kampuni hiyo haki hiyo. Alibishana nayo kwa miaka hadi haki zikarudi kwake. Mwaka 1989 alisimama mbele ya wachoraji wenzake katika tamasha la katuni la Ohio State akatoa hotuba kali kuhusu jinsi katuni inavyoshushwa thamani: nafasi magazetini inafinywa, kampuni zinamiliki kazi za watu, wahusika wanageuzwa kuwa mapambo.

Hoja yake ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya kifasihi. Hobbes ni nini? Mama yake Calvin akitazama, anaona mdoli wa kitambaa umekaa kwenye kiti. Calvin akitazama, anaona chui milia mrefu kuliko yeye, mwenye maoni, mwenye njaa, mwenye kumvizia mlangoni anaporudi shule. Katuni haikuwahi kusema nani anaona sawasawa. Haikuwa fumbo linalosubiri kufumbuliwa. Pande zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na katuni yote ilisimama juu ya hilo. Sasa fikiria kiwanda kinatoa midoli laki moja ya Hobbes. Papo hapo swali limejibiwa: Hobbes ni mdoli, huyu hapa, ana bei. Watterson aliliona hilo na kulieleza waziwazi, kwamba hakutaka mtengeneza midoli aamue jambo ambalo mchoraji aliliacha wazi. Wahakiki wengi wamepata sifa kwa kusema mambo madogo kuliko hilo.

Suala la sahihi nalo lina historia yake. Alikuwa akipita kimyakimya kwenye duka la vitabu la Fireside, mjini kwao, anatia sahihi baadhi ya nakala zilizoko rafuni bila kutangaza. Msomaji angenunua kitabu, afike nyumbani, akifungue, akute zawadi. Kisha ikajulikana kwamba nakala hizo zinauzwa tena mtandaoni kwa bei ya kuruka. Akaacha. Kwa hiyo hakuanza kama mtu anayechukia wasomaji. Alianza kama mtu anayewawekea kitu mahali watakapokipata wenyewe, akaacha pale kitu hicho kilipogeuka kuwa hisa sokoni.

Ukiyaweka hayo pamoja, kataa la Watterson ni kataa la biashara ya aina fulani, iliyomkuta mtu wa aina fulani, mahali fulani. Ndiyo sababu ninasema sisi huku tunalisoma vibaya zaidi. Tunalichukua kama kanuni ya sanaa, wakati lilikuwa pia jambo la mfuko. Anayechapishwa na magazeti zaidi ya 2,400, na ambaye vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni, anaweza kuikataa meza. Meza hiyo haikuwa imebeba ugali wake.

Hebu tutazame wa kwetu. Frank Odoi alizaliwa Ghana akafanya maisha yake ya uchoraji Nairobi. Alichora Akokhan, hadithi ya picha ya uchawi na mapambano, ambayo hadi leo ni jibu zuri kwa anayedai kwamba mashujaa wenye nguvu za ajabu lazima wavae nguo za kubana na kuruka juu ya maghorofa ya New York. Alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu Nairobi. Sina namna ya kulisema hilo kwa uzuri. Mmoja wa wachoraji wakubwa wa ukanda huu alikuwa akisafiri kama wasomaji wake wanavyosafiri, na akafa kama baadhi yao wanavyokufa. Gado, Mtanzania aliyeanza kazi Nation mwaka 1992 na kuwa jina linalojulikana pande zote za mpaka, mkataba wake haukuongezwa mwaka 2016. Miaka zaidi ya 20, kisha ukurasa si wako tena.

Katika mazingira hayo, mchoraji anayekaa nyuma ya meza kwenye tamasha anafanya kazi yake kwa njia iliyobaki. Kumwambia kwamba Watterson hakufanya hivyo ni sawa na kumwambia muuza chapati kwamba kuna mtu Ulaya anapika bila kuuza.

Nilikwenda kwenye tamasha la mashabiki wa katuni Nairobi kumwona mchoraji mmoja. Simtaji jina, kwa sababu hakuja pale kuwa mfano katika makala ya mtu. Kwa miaka mingi amechora katuni fupi ya fremu nne kuhusu makanga wa matatu, na nimeisoma kwa bidii niliyopaswa kuiweka kwenye tasnifu. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliovaa kama wahusika wa katuni za Kijapani, panga za maboksi na nywele za buluu. Foleni ndefu zilikuwa za michezo ya video. Kwenye meza yake tulikuwa wanne.

Wa kwanza alipiga picha bango, akasema atamfuata mtandaoni, akaondoka. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mtoto na mama yake. Mama alinunua stika ya shilingi 100. Zamu yangu ilipofika nilimwamkia, kwa sababu ana umri wa baba yangu mdogo.

“Shikamoo.”

Alicheka. “Marahaba. Wewe umevuka Namanga.”

Nilinunua kijitabu cha shilingi 500 na kumwomba anichoree makanga wake ndani. Nilitarajia aanze na uso, kama tunavyoanza sote. Alianza chini kabisa ya ukurasa. Alichora viatu viwili, kimoja bapa, kingine kimesimama kwa ncha, akapanda juu kwa suruali, kiuno, mkono ulioshika kitu kisichochorwa. Uso ulikuja mwisho, mistari mitano sita.

“Kwa nini viatu kwanza?”

“Makanga ni miguu,” alisema bila kuinua kichwa. “Ukianza na uso utapata mtu anaongea. Ukianza na viatu, gari tayari linaenda.”

Yote yalichukua kama dakika nne. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika.

Nilirudi kuisoma katuni yake yote niliyonayo, nikitazama miguu. Kuna jambo pale ambalo macho yangu, yaliyofunzwa kuanza na puto la maneno, yalikuwa yakilipita. Mchoraji huyu hachori matatu. Mara chache sana utaona gari zima. Unachoona ni kizingiti cha mlango, mstari mmoja chini ya fremu, na juu yake kiatu. Mstari ukiwa umelala sawa, gari limesimama na makanga anaita abiria. Mstari ukiinama kidogo, gari linatembea. Kwenye fremu ya nne, ambapo wachekeshaji wengi huweka kibwagizo kwa maneno, yeye mara nyingi huweka mguu mmoja hewani: polisi wameonekana, abiria kashuka bila kulipa, mvua imeanza. Kicheko kiko kwenye kifundo cha mguu. Na kwa kuwa gari halionekani, maisha yote ya mtu huyo yanabaki yamening'inia kwenye mstari mmoja wa wino. Ni katuni ya kuchekesha kuhusu mtu ambaye hana mahali pa kukaa kazini kwake. Ukilijua hilo, hata zile nyepesi zinakuwa na ubaridi fulani.

Kuna shule ya uhakiki itakayoniambia kwamba hayo yote yalikuwa kwenye ukurasa tayari, na kwamba sikuhitaji kumwona mtu yeyote ili kuyapata. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, na hakuna darasa la fasihi la uzamili ambalo halijahudhuria mazishi hayo. Nakubali nusu. Maana ya katuni ya makanga haiko kichwani mwa mchoraji wake. Angeniambia kwamba inahusu jambo jingine kabisa, mimi bado ningeamini miguu. Sikwenda kumwuliza maana, naye hakunipa. Alichonionesha ni mpangilio wa kazi: kipi hutangulia, kipi hufuata. Hilo ukurasa uliokamilika hulificha kwa makusudi, kwa sababu wino hukauka wote kwa pamoja na jicho haliwezi kujua mstari upi uliwahi. Mhakiki wa ngoma huruhusiwa kuona mazoezi. Mhakiki wa katuni ana hifadhi kama ile ya Ohio, au ana meza.

Hapa ndipo hoja ya mdoli inapopata mpaka wake. Unaweza kusema kwamba mchoraji akitokea mbele ya msomaji analeta madhara yaleyale ya mdoli: anajibu swali lililoachwa wazi, anageuza sauti kuwa mwili wenye bei. Lakini mdoli umekamilika unapotoka kiwandani, na hauwezi kukuonesha chochote ulichokuwa huoni. Mkono unaochora unaweza. Bidhaa hufunga katuni. Kazi ikifanywa mbele yako huifungua.

Naamini Watterson mwenyewe asingebisha sana. Akiwa darasa la nne alimwandikia barua Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts, na Schulz akamjibu. Mtoto wa Ohio alipokea karatasi kutoka kwa mtu ambaye hadi siku hiyo alikuwa jina kwenye gazeti. Hatuhitaji kutia chumvi kuhusu athari yake. Inatosha kwamba mtu asiyeamini sana katika kukutana na mashabiki alianza kama shabiki aliyejibiwa. Na Juni 2014, karibu miaka 20 baada ya kunyamaza, aliingia kimyakimya kwenye katuni ya Stephan Pastis, Pearls Before Swine, akachora sehemu za siku tatu mfululizo. Ndani ya hadithi, aliyechora alikuwa msichana mdogo anayeitwa Libby, anayemwonesha Pastis jinsi ya kuchora vizuri. Wasomaji waliambiwa ukweli baada ya katuni kutoka. Michoro hiyo ilipigwa mnada kusaidia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, uliokuwa umempata Richard Thompson, mchoraji wa Cul de Sac. Kwa hiyo Watterson hakukataa kukutana nasi. Alichagua tukutane ukurasani, alikoweza kusimamia masharti.

Masharti ndiyo kiini chenyewe. Watterson aliyapata kwa ugomvi na kwa mafanikio makubwa. Mchoraji wa Nairobi au Dar anayapata kwa kukodi meza. Wote wawili wanataka kitu kilekile, yaani kazi ibaki yao na iwalishe, na ni uvivu wa fikra kumvika mmoja joho la usafi na mwingine la njaa.

Swali linalobaki linatuhusu sisi tunaosoma na kuandika. Watu wa rika langu tulimjua Calvin kwa faili zilizozunguka kwenye flashi bwenini. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, mimi nimemsoma vipande vipande kwenye magazeti ya zamani, mengine yakiwa yamefungia vitu. Siku hizi katuni ya asubuhi inafika kwenye kundi la WhatsApp kabla gazeti halijafika kibandani. Inafika ikiwa imekatwa. Mtu amebana picha ili ienee vizuri kwenye simu, na kilichopunguzwa mara nyingi ni kile kipande kidogo cha chini, kwenye kona.

Kwenye kona hiyo mchoraji huandika jina lake. Watterson, aliyeacha kutia sahihi vitabu, alitia jina lake kwenye katuni zake kwa miaka kumi, ndani ya fremu, dogo, mahali ambapo halizuii mchoro. Sahihi hiyo haihitaji foleni, haiuzwi mnadani, na kila msomaji wa kila gazeti aliipata bure pamoja na kicheko. Gitau aliiweka. Odoi aliiweka. Wa makanga huiweka chini ya kizingiti, karibu na kiatu.

Mhakiki wa riwaya hutaja mwandishi, mchapishaji na mwaka kabla ya kusema neno lolote. Tukiandika kuhusu katuni tunasema “kuna katuni moja niliiona,” kisha tunaendelea na siasa iliyomo. Anayetaka kumheshimu mchoraji anayempenda, awe na meza au asiwe nayo, aanze na jambo dogo kuliko hija ya tamasha: kabla hajaituma picha, aitazame kona ya chini, na kama jina limekatwa, alirudishe.